Miguu Ielekee Ukutani

Karakana,
4 Februari

Bandeji mwanangu,

Katika miaka arobaini na sita ya kushika randa, sijawahi kukosea kipimo hata mara moja. Liweke hilo kichwani kabla hujanitumia tena mchoro wenye mishale na maneno "Baba, tafadhali pima mara mbili."

Haya, mara moja. Lile kabati la mwalimu mkuu, nililoliunda humohumo chumbani kwake, likatoka zuri mpaka siku alipotaka kuhama. Mwalimu alihama, kabati likabaki. Aliyepanga nyumba ile baadaye anatundika humo makoti yake, na kila nikipita ananipungia mkono. Kwa hiyo hata lile siliiti kosa. Ni zawadi iliyompata mtu mwingine.

Mchoro wako nimeletewa na dereva wa lori la mbao, umekunjwa ndani ya gazeti kama samaki. Nimeugeuza juu chini, chini juu. Kitanda kifupi chenye ngazi mbili, mgongo unaonyanyuka kwa bawaba, na mwishoni vibao viwili vya kukanyagia, vimeachana kama majirani waliogombana. Mtu analalaje hapo? Kama unaolewa na mwenye umbo hilo, niambie mapema nijiandae.

Nijibu kwa barua. Kwenye simu mchoro haupiti, na tena shangazi yako akiwa jikoni kwake husikia mpaka mtu anayefikiri.

Naye yuko hivi. Ile barua uliyoifunga kwa gundi na kuandika "Shangazi, binafsi" nimemkabidhi. Sikuifungua. Niliiinua tu nikaitazama kwenye jua, na bahasha yako ni nene. Aliipokea, akaikunja mara nne, akaichomeka chini ya mguu wa ile meza yake inayoyumba. Meza imetulia. Barua haijasomwa. Tangu Desemba alipotoka huko kwako hataki kusikia habari za kituo chenu. Nikimuuliza kulikoni, anasema, "Muulize mwanao."

Basi nakuuliza.

Mimi baba yako,
Fundi

*

Kituo cha Afya,
10 Februari

Shikamoo Baba,

Siolewi. Kitanda ni cha chumba changu cha kazi, na nitakwambia ni cha nini, ila usianze kukohoa kohoa kama unavyofanya mambo ya wanawake yakitajwa.

Mimi kazi yangu siku hizi ni kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke analala, anakunja magoti na kuyaachanisha. Naingiza spekulamu, chuma chenye umbo la mdomo wa bata, nione ndani. Napaka siki kidogo, nasubiri dakika moja. Pakigeuka peupe, pana kitu cha kutibiwa mapema kabla hakijawa saratani. Ni hivyo tu. Kazi ndogo, na inaokoa mtu mzima.

Shida ni chumba. Kitanda tulicho nacho ni cha chuma, baridi, kirefu kwenda juu, hakina ngazi. Wanawake wafupi wanakipanda kama ukuta. Miguu inatundikwa kwenye vyuma viwili hewani. Na kitanda kimeelekezwa mlangoni, kwa sababu soketi ya taa iko upande ule na waya wa taa ni mfupi. Mlango hauna komeo. Watu wanaingia kuchukua glavu, kuuliza ufunguo, kuuliza tu.

Nimemwandikia Mganga Mkuu, mkuu wa kituo, mara tatu. Jibu lake ni lilelile: uchunguzi ni dakika tano, wavumilie. Hakuna kitanda kingine mpaka mwaka ujao, au ule unaofuata. Ndipo nikakukumbuka. Mbao iwe imepakwa vanishi sana, na sponji ivishwe ngozi ya plastiki, maana kila kitu lazima kifutwe kwa dawa.

Kila asubuhi pale mapokezi nawasimulia wanawake habari za Mama. Nawaambia, mama yangu alitakiwa arudi kuchunguzwa, akapuuza, msifanye kama yeye. Wengine machozi yanawatoka. Halafu wanaingia chumbani, wanakiona kitanda, na nusu yao wanakumbuka wameacha jiko linawaka.

Kuhusu Shangazi: yaliyotokea ni yake, sina ruhusa ya kuyaandika hata ukinichapa. Ninachoweza kusema ni kwamba lazima aisome ile barua. Ni jambo la wiki, Baba. Si la miezi. Tafadhali usinifanyie utani katika hili moja.

Bandeji

*

Karakana,
17 Februari

Bandeji,

Sikukohoa. Nilikunywa maji tu.

Fremu imesimama. Mninga, miguu minene, haiyumbi hata akipanda mwenye mwili wa dereva wetu. Unajua desturi yangu: sijawahi kumpa mtu kiti ambacho mimi mwenyewe sijakikalia, na ngazi isiyonibeba haitoki hapa. Basi na hiki nilikijaribu. Nililala dakika mbili hivi, miguu kwenye vibao, nikaamka nikaendelea na kazi. Lakini hizo dakika mbili zilinifunza.

Mosi, vibao vya miguu umevichora juu mno. Nyonga inaita. Nimevishusha, na sasa vinasogea mbele na nyuma ili kila mtu apate pake. Pili, kichwa kikilala chini kabisa unaona dari tu, hujui nani yuko wapi wala anafanya nini huko mbele. Mgongo nimeunyanyua, mtu akae nusu kuketi, amwone anayeongea naye machoni. Tatu, nililala nimeelekea mlango wa karakana, ambao unajua huwa wazi kwa ajili ya mwanga. Mlango ule, mwanangu, nimeupita maisha yangu yote na sikujua ni mkubwa kiasi kile.

Kwa hiyo naomba uelewe ninachokisema, nami nakisema kwa sauti ya kawaida tu: miguu ielekee ukutani. Wanawake wote hao mmewatazamisha mlango kwa sababu ya waya mfupi? Ningekuwa Mganga Mkuu nisingemwambia mtu, ningeona aibu. Waya wa mita sita nitakuja nao mimi.

Na meza ya shangazi yako nimeitengeneza. Nimebadilisha mguu. Alinifokea, akasema haikuwa inamsumbua. Lakini meza isiyoyumba haihitaji bahasha. Barua sasa iko juu ya meza, haina kazi nyingine isipokuwa kusomwa. Anaizungukia.

Fundi

*

Nyumba ya nyuma ya karakana,
18 Februari

Mwanangu,

Baba yako amekudanganya. Hakulala dakika mbili. Alilala nusu saa, na hakuamka, aliamshwa.

Alipanda kwenye kitanda chako peke yake, akaweka miguu kwenye vile vibao, nyonga ikamkaza. Hawezi kuishusha, hawezi kujigeuza. Mlango wazi. Akapita mwalimu mkuu, alikuja kuchukua ubao wake, akasimama pale akaongea naye habari za kabati mpaka akachoka. Wakapita wauza mboga wawili, wakamsalimia, wakarudi tena na mwenzao kumsalimia. Yeye amejifunika gazeti magotini anasema, "Napima, napima."

Mimi nilipoitwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia, "Kaka, umepata watoto mapacha au mmoja?"

Halafu nikamwona uso wake. Alikuwa hacheki. Kaka yangu, ambaye hata msibani humpata wa kumtania. Ameshika kingo za kitanda kwa mikono miwili, na macho yapo mlangoni, hayatoki. Nikaujua ule uso. Ni wangu. Nilikuwa nao Desemba chumbani kwako, yule mtunza stoo alipofungua mlango akauliza glavu ziko wapi, na wewe ukamjibu ziko kabatini, rafu ya pili.

Ukamjibu, mwanangu. Mimi niko vile, na wewe unamwelekeza rafu. Nikasema nashuka, ukaniambia, "Vumilia kidogo Shangazi, tumekaribia." Nimevumilia mengi katika dunia hii na sijawahi kuombwa radhi hata na moja. Nikavaa nguo zangu.

Nilifunga mlango wa karakana. Nikamsaidia kaka kushusha miguu, mmoja mmoja. Akasema, "Mlikuwa mnalazwa hivi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wote?" Nikasema wote. Akaingia nyuma ya mbao zake, sijui alifanya nini huko, alitoka macho mekundu akasema ni vumbi la msasa.

Jioni nikaifungua barua yako. Nimeelewa. Kuna sehemu imegeuka nyeupe, uliiona kabla sijashuka, si saratani ila isiachwe hivyo. Ungeweza kumwambia baba yako anisukume, na hukumwambia. Hilo nimelihesabu.

Nitakuja. Lakini sikiliza masharti, na sipunguzi hata moja. Miguu ukutani. Komeo kwa ndani, na nilifunge mimi kwa mkono wangu. Hicho chuma chako ukipashe kwenye maji ya uvuguvugu, sijui kwa nini mpaka mtu aseme. Na nataka kitu mkononi mwangu cha kugonga. Nikigonga, unatoa mikono. Hunibembelezi, huniambii tumekaribia. Unatoa mikono.

Ukikataa, nabaki na meza yangu.

Shangazi yako

*

Kituo cha Afya,
22 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa, halafu nikaingia kwenye kile chumba, nikafunga mlango kwa kuegemeza kiti, nikalala kwenye kile kitanda. Miaka sita nafanya kazi humo, sikuwahi kulala juu yake. Kiti kile hakikuzuia. Mtunza stoo aliingia kutafuta glavu.

Safari hii sikumwelekeza rafu. Nilimwambia atoke nje abishe hodi, halafu nitamjibu asiingie. Nadhani alikukumbuka, maana alisema, "Yule mama wa Desemba." Nikamwambia yule ni shangazi yangu.

Nilikukosea. Sikukukosea kama muuguzi tu, nilikukosea kama mwanao. Masharti yako yote nimeyakubali na nimeyaandika kwenye karatasi, nimeyabandika ukutani kwa kila atakayelala pale, siyo wewe peke yako. Sikuandika jina lako. Nimeandika "Haya si maombi."

Njoo na Baba siku atakayoleta kitanda.

Bandeji

*

Karakana,
25 Februari

Bandeji,

Najua shangazi yako amekuandikia na najua ameandika nini, kwa hiyo tusizungumzie gazeti.

Kuna jambo lingine. Umeniandikia kwamba kila asubuhi unawaambia watu mama yako alipuuza. Mara ya kwanza niliiruka sentensi hiyo. Nimeirudia. Sasa naomba uiache.

Mama yako hakupuuza. Alikwenda hospitali siku aliyoambiwa, amevaa nguo yake nzuri. Akalazwa kwenye kitanda kama hicho chenu. Akiwa vile, akaingia karani kutafuta faili. Akalitafuta, akalipata, akatoka, bila hodi wala samahani. Mama yako akashuka akarudi nyumbani, akanikuta nachonga, akanisimulia. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Kwani karani kachukua kitu chako?"

Akatabasamu. Mama yako alikuwa anajua kutabasamu. Hakunitajia tena hospitali mpaka siku ambayo hakuweza kusimama.

Nimefanya utani mwingi katika maisha yangu, na mwingine ulinitoa jino. Huo ndio peke yake ningeurudisha mdomoni kama ningeweza. Sikuwahi kukwambia kwa sababu wewe ulikuwa umeshapata jibu lako kwamba alipuuza, na jibu hilo lilinifaa mimi. Kesho asubuhi pale mapokezi waambie watu ukweli: alikwenda. Sisi ndio tuliomrudisha, karani na mimi.

Imetosha. Kitanda kimekwisha, vanishi mara nne. Nimemchongea shangazi yako kigongo kidogo cha kugongea, kinaenea kiganjani, na pembeni ya kitanda nimeweka kibao cha mti mgumu kinacholia vizuri. Komeo ni la shaba, nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya mlango wangu mwenyewe.

Nitakileta kwa lori kikiwa vipandevipande, nikiunganishe hukohuko. Nahitaji Jumamosi nzima, jiko la kuchemshia gundi, na chumba kitupu. Na wewe usiwepo. Ukinisimamia utaanza kusema pima mara mbili.

Fundi

*

KITUO CHA AFYA
OFISI YA MGANGA MKUU
4 Machi

Kwa: Muuguzi, Chumba Na. 7
Nakala: Fundi seremala aliyehusika

YAH: KITANDA KISICHOIDHINISHWA

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nimearifiwa kwamba siku ya Jumamosi, nikiwa safarini, kitanda cha mbao kiliingizwa katika Chumba Na. 7, na kitanda halali cha chuma kikatolewa na kuwekwa ukumbini. Aidha, kumefungwa komeo ndani ya mlango, waya wa taa umerefushwa, na tangazo lenye maneno "Haya si maombi" limebandikwa ukutani bila kibali cha ofisi hii.

Kitanda hicho hakimo katika orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa. Uchunguzi husika huchukua dakika tano, na usumbufu wa dakika tano ni jambo la kuvumiliwa na mgonjwa kwa faida yake mwenyewe.

Unaagizwa kitanda hicho kiwe kimeondolewa ifikapo Ijumaa, tarehe 7 Machi, saa nne asubuhi. Kitanda cha chuma kirudishwe mahali pake na kielekezwe kama kilivyokuwa. Utatoa maelezo yako kwa maandishi.

Mganga Mkuu

*

Karakana,
6 Machi

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Nakala yako nimeipata kwa mkono wa dereva. Mimi niliishia darasa la nne, tena la nne lenyewe nililirudia, kwa hiyo utaniwia radhi kama sikukuelewa vizuri. Nilichoelewa ni kwamba kitanda changu kina kosa moja, nalo ni kutokuwemo kwenye orodha. Hukusema kinayumba. Hukusema hakifutiki. Hukusema kuna mwanamke amekilalamikia. Nashukuru kwa sifa hizo.

Kuhusu zile dakika tano. Mheshimiwa, mimi nimelala hivyo. Nina miaka sabini na moja, si mwanamke, nilikuwa nimevaa suruali, na hakuna aliyeniingiza chuma popote. Walipita watu wanne wa heshima na hawakunifanya lolote zaidi ya kunisalimia. Nakwambia, siku ile ingekuja serikali nzima kuniambia nirudi kulala pale kwa faida yangu, ningewaambia faida hiyo wagawane.

Kitanda chako halali kipo ukumbini, binti yangu aliniambia, kimeelekea mlango wa mapokezi. Hakina kazi. Nakuomba kwa heshima zote upande juu yake. Hakuna ngazi, lakini wewe ni mtu mzima utapanda tu. Tundika miguu kwenye vile vyuma. Usivue chochote, sisi siyo wakatili. Kaa dakika tano kwa saa yako mwenyewe, watu wakiingia na kutoka. Ukishuka, kama bado unaona ni jambo la kuvumiliwa, nitakuja mwenyewe na lori, nitakibeba changu mgongoni na kukuomba radhi hadharani.

Usipopanda, basi Ijumaa saa nne shangazi yake muuguzi atakuwa amekaa mlangoni pa Chumba Na. 7. Alisafiri nami. Ni mdogo wangu wa mwisho, mama yetu alimzaa akiwa amechoka na watu wote, na hasira zile zilibaki mwilini mwa mtoto. Mimi nimeshindwa naye miaka arobaini na tisa. Nakutakia kila la heri.

Wako mtiifu kwa mambo mengine,
Fundi seremala aliyehusika

*

Kituo cha Afya,
12 Machi

Shikamoo Baba,

Shangazi yuko hapa, amenikalia begani, ameniruhusu kuandika kila kitu, na kila sentensi anaisoma kwanza.

Ijumaa saa nne Mganga Mkuu alikuja na vibarua wanne. Nje ya chumba walikuwepo wanawake kumi na wanane wa foleni ya siku hiyo, Shangazi akiwa wa kwanza. Hakupiga kelele. Alisema, "Piteni, wanangu, mkitoe." Akajisogeza. Nilidhani amenisaliti. Alikuwa anajua, Baba. Ulimwambia yeye, mimi hukuniambia.

Vibarua wakakiinua. Wakakipeleka mlangoni. Kikagoma. Wakakilaza ubavu, kikagoma. Wakakisimamisha wima, ngazi zikashika juu. Mganga Mkuu akaagiza kifunguliwe vipandevipande, fundi wa kituo akakipapasa kila upande akitafuta hata msumari mmoja. Akasema, "Mkuu, hakuna msumari humu. Vyote ni vijiti vya mti na gundi ya moto. Huyu mzee amekishona." Akapima. Mlango ni sentimita themanini. Kitanda, upande wake mwembamba kuliko yote, ni tisini na nne.

Mganga Mkuu akasema, "Basi kikate."

Hapo ndipo mtunza stoo akajitokeza, kofia mkononi. Akasema hakikatiki. Jumatatu alikuwa amekipiga namba ya kituo kwa rangi nyeupe na kukiandika kwenye daftari la vifaa, na kifaa chenye namba hakiharibiwi bila kikao cha kamati. Akamwonyesha Mganga Mkuu sahihi yake mwenyewe kwenye kanuni hiyo. Nilimtazama mtunza stoo, naye akamtazama Shangazi, akainamisha kichwa kidogo. Vibarua wakakirudisha kitanda mahali pake, miguu ukutani. Shangazi akamwambia, "Sasa toka, nafunga mlango." Akakifunga chumba kwa komeo lako. Ule mlio wa shaba ulisikika ukumbi mzima.

Aligonga mara tatu. Ya kwanza alikuwa ananipima tu, nikatoa mikono, akasema endelea. Ya pili palimuuma, nikatoa mikono, tukapumzika, akaisogeza miguu mwenyewe kwenye vile vibao vyako, akasema sasa. Ya tatu nilishtuka, kumbe alitaka kuniambia viatu vyangu vimechakaa.

Palikuwa peupe, palepale nilipopaona Desemba. Pamepanuka kidogo, hapajafika pabaya. Nimepatibu siku ileile kwa kifaa cha joto. Aligonga mara moja tena, tukangoja, tukamaliza. Atarudi baada ya mwaka tuangalie tena. Anasema niandike kwamba atarudi kwa sababu anataka, si kwa sababu ameambiwa.

Wale wanawake kumi na saba waliobaki waliingia wote. Wote, Baba. Hakuna aliyekumbuka jiko. Asubuhi ile niliwaambia habari za Mama kama zilivyokuwa: kwamba alikwenda. Mmoja akasema, "Kumbe hata mimi nilikwenda." Kisha mwingine akasema hivyohivyo.

Mimi nimepewa barua ya onyo, iko kwenye faili langu. Nimeandika maelezo yangu kama nilivyoagizwa. Ni mstari mmoja: "Sitakirudisha kile cha chuma." Komeo pia sijalitoa.

Mganga Mkuu hakupanda kitandani. Lakini jana jioni, ukumbi ukiwa mtupu, nilimwona amekaa pembeni ya kile cha chuma. Alinyanyua mguu mmoja, akauweka kwenye chuma chake. Akautazama mlango wa mapokezi. Mtu wa usafi akaingia na ndoo, naye akaushusha mguu upesi, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Fundi wa kituo amenong'ona kwamba wakiamua kukikata, wataanzia miguuni.

Nawe ulisema hujawahi kukosea kipimo.

Bandeji

*

Karakana,
15 Machi

Bandeji mwanangu,

Hata mimi nimeshangaa. Tisini na nne. Nimeitazama futi yangu, nimeivaa miwani, nimeivua. Lazima ni uzee. Mwambie Mganga Mkuu nasikitika sana, na kwamba kosa kama hilo lilinitokea mara moja tu zamani, kwa mwalimu mkuu, na mpaka leo nalijutia kila ninapopungiwa mkono.

Mwambie shangazi yako akae huko mpaka apone vizuri. Huku pamekuwa kimya, hakuna wa kunifokea, nimeanza kujifokea mwenyewe na sina kipaji chake. Meza yake haiyumbi. Niliikalia juzi, nikanywa chai peke yangu pale jikoni kwake, nikamweleza mama yako mambo yote yalivyokwenda. Usije ukaniandikia kwamba sikuchelewa. Nimechelewa. Lakini nimefika na kitanda.

Yule muuza mboga wa kwanza, aliyerudi na mwenzake kunisalimia, alipita leo. Hakucheka. Akaniuliza huko kwa mwanangu ni mbali kiasi gani, na lori linaondoka siku gani. Nimemwambia Alhamisi. Watakuja watatu. Wape ngazi, wape kigongo.

Kamati ikikaa, usiogope. Mninga ule ni mkavu wa miaka tisa, msumeno wa fundi wenu utalia kabla haujaingia nusu. Mwaka kesho nitakuja kumsindikiza shangazi yako, na nitakikuta hapohapo, miguu ukutani.

Ila kuna jambo moja dogo. Wewe nimekutengenezea kitanda, waya, komeo na kigongo, na sijakuomba chochote, kwa hiyo fadhila moja nakudai. Jumamosi ile niliharakisha nikasahau msumeno wangu mdogo, ule wenye mpini mwekundu, nyuma ya pazia la dirisha. Ule ni mkali. Ule unakata mninga kama mkate. Tafadhali umpe dereva Alhamisi hii, uufunge kwenye gazeti, na mpaka hapo usimwazime mtu yeyote, hata akibisha hodi kwa heshima.

Mimi baba yako,
Fundi